Bi Penseli, Aliyejifunza Kumwaga Chanjo

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kadhaa ambazo karani bado anabishana nazo, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya mama na mtoto atakabidhi funguo za friji ya chanjo na kwenda nyumbani. Jina lake la kwenye mshahara tuliache huko huko kwenye mshahara. Hapa kituoni, na katika vijiji vyote vya ng'ambo ya mlima, anaitwa Bi Penseli. Asiyejua sababu avute kiti, maana ndiyo habari yenyewe.

Kamati ya kumuaga ilihangaika kupata mtu wa kuandika wasifu huu. Daktari alisema hana nafasi. Mfamasia alisema hana maneno. Karani alisema anayo, lakini yote yalikuwa asilimia. Basi kazi ikamwangukia dereva mstaafu wa kituo, aliyemwendesha mama huyu miaka ishirini na miwili, na ambaye shule aliiacha darasa la sita kwa sababu zisizohusu jarida hili. Makosa ya herufi mtayasamehe. Makosa ya ukweli hamtayaona.

Siku aliyoripoti kazini alishuka na sanduku moja, saa ya mkononi kubwa kama ya ukutani, na viatu vyeupe ambavyo tope la uwanja wetu lilivipokea kwa furaha. Alikuwa binti mwembamba kama bomba la sindano. Leo amekuwa kama nini tusiseme, kwa kuwa jarida hili atalisoma.

Kabla hajaonyeshwa chumba cha kulala aliomba kuonyeshwa friji ya chanjo. Akaifungua. Ndani mlikuwa na chanjo, ndiyo, lakini mlikuwa pia na soda nne za daktari, samaki wa mfamasia, na siagi ya mtu ambaye hajajitokeza mpaka leo. Akavitoa vyote, akavipanga barazani juani, na kila kimoja akakibandikia karatasi: "Hii si chanjo." Daktari alikunywa soda za moto mwaka mzima na hakuthubutu kulalamika.

Tangu siku ile joto la friji likasomwa asubuhi na jioni na kuandikwa daftarini, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hata siku ya harusi yake alipitia kituoni, shela na yote, akainama kusoma kipimajoto huku bwana harusi, fundi cherehani mpole ambaye bado ni mpole, akimsubiri garini na keki mapajani. Ilikuwa nyuzi nne. Keki ilikuwa imeshaanza kuegemea upande mmoja.

Ana udhaifu mmoja tu uliothibitishwa: anaogopa bata. Mbwa atamkemea mpaka akimbie na mkia wake, ng'ombe atampita kifua mbele, lakini bata akitokea na shingo yake ile, mama huyu hupanda juu ya boneti ya gari na kuwahoji wazazi kutokea huko.

Sasa tufike kwenye penseli. Kwanza ieleweke chanjo ya surua ilivyokaa. Ni unga mkavu ndani ya kichupa. Unachanganywa na maji yake maalumu, na ukishachanganywa unatosha watoto kumi, ila una saa sita tu za kuishi. Zikipita unatupwa, hata kama amechanjwa mtoto mmoja. Amri ya wakubwa siku zile ilikuwa kwamba kichupa kisifunguliwe mpaka wafike watoto kumi. Wakifika saba, wapimwe uzito, wapewe matone ya vitamini mdomoni, waambiwe warudi wiki ijayo.

Muuguzi wetu aliishika amri hiyo kwa mikono miwili. Miaka mitatu mfululizo hakumwaga hata tone, akaletewa cheti chenye pambo la dhahabu pembeni: "Kituo Kisichopoteza Chanjo". Akakitundika juu ya friji. Na kwa vile hapendi kadi iliyokatwakatwa, tarehe ya kurudi aliiandika kwa penseli kwenye mstari ule ule wa surua. Mtoto akirudi, anachanjwa, penseli inafutwa, wino unaingia. Kazi safi. Sote tulimsifu, na daktari alisema wengine waige.

Mwaka wake wa tisa kazini, mwalimu wa shule ya ng'ambo ya mlima alituma ujumbe kwamba watoto kumi na wawili wa darasa la kwanza hawajaonekana wiki nzima. Macho mekundu, mafua, kikohozi, na vipele vilivyoanzia nyuma ya masikio vikashuka mwilini. Gari likapakiwa asubuhi hiyo hiyo: kasha la baridi, mirija ya kuchukulia damu, matone ya vitamini, na karani wetu wa takwimu wa wakati ule, tuliyemwita Bwana Asilimia. Huyu alikuwa na rejesta iliyoonyesha kwamba watoto tisini na saba katika kila mia moja kule wamechanjwa surua. Aliitaja hiyo tisini na saba kama mtu anavyotaja mjukuu.

Damu ikaenda maabara, jibu likarudi: surua. Na hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya kuliko vipele. Kijiji kilitukataa. Mwenye mashine ya kusaga, mzee mweupe wa unga kuanzia kope mpaka kandambili, alisimama mbele ya gari akasema kwa niaba ya wote. "Kadi tunazo," alisema. "Zimeandikwa, tena na nyinyi. Na watoto wanaungua na homa. Leo mmetuletea maji gani tena?" Kina mama nyuma yake wakaitikia kwamba maji ya mtoni wanayo, hawana haja ya kudungwa mengine. Tulikuwa na chanjo za kutosha watoto mia tatu, na hakuna aliyenyoosha mkono wa mtoto hata mmoja.

Bosi wetu wa wakati ule alikuja na gari lake, akakaa kivulini humo humo ndani, akaandika ripoti kabla hajashuka. Ilisema wazazi wa ng'ambo wana mwamko mdogo, wanawaficha watoto, na kadi zao ni za kughushi. Dereva anajua, kwa sababu ndiye aliyeulizwa "kughushi" kunaandikwaje. Ripoti ilibakisha nafasi ya sahihi ya muuguzi mkuu.

Muuguzi hakutia sahihi. Alisema kwanza atahesabu. Akaanza na friji yake mwenyewe, akapekua daftari la joto ukurasa kwa ukurasa, mwaka hadi mwaka. Hakukuwa na siku iliyorukwa, hata ile ya shela. Halafu akaanza nyumba kwa nyumba: nyumba sitini na moja kwa siku tatu, dereva akibeba daftari na kufukuza bata. Kila mlango aliuliza yale yale. Mtoto ana umri gani, vipele vilianza lini, nani aliugua kabla yake, kadi iko wapi. Wengine walimjibu kupitia dirishani. Bibi mmoja alimjibu kwa kumwagia maji ya vyombo miguuni, kisha akaona haya, akamletea kitambaa.

Nyuma ya boksi la sabuni alichora ramani ya kijiji, na kila nyumba yenye mgonjwa akaiwekea nukta ya mkaa. Siku ya pili jioni aliliegemeza boksi kwenye gurudumu akalitazama mpaka chai yake ikapoa, na chai yake huwa na sukari kiasi kwamba kuipoza ni hasara. Nyumba za karibu na barabara hazikuwa na nukta. Za ng'ambo ya korongo, ambako mtu anatembea saa mbili na nusu mpaka kituoni, zilikuwa nyeusi tupu. "Friji ni moja," alimwambia dereva. "Vichupa ni vile vile. Chanjo mbovu inajuaje nani anakaa mbali?"

Siku ya tatu tukavuka tena korongo kwa miguu tukafika kwa Mama Pacha. Alikuwa na pacha wa miaka mitatu, wa kike na wa kiume. Wa kiume alikuwa kwa bibi yake upande wa pili wa bonde tangu mwezi uliotangulia, hakuwa ameugua. Wa kike alilala kwenye mkeka, macho yameziba, jicho la kushoto limeanza kuwa na ukungu. Muuguzi akampa matone, akamsafisha macho, akaomba kadi. Mama Pacha akaitoa ndani ya kopo la unga, imefungwa kwa mfuko wa nailoni mara mbili, safi kuliko kadi yoyote tuliyoiona. Mstari wa surua ulikuwa na tarehe.

Akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Akaiinamisha huku na huku. Tarehe ikang'aa kijivu. Akalowesha kidole kwa ulimi, akasugua, na tarehe ikageuka moshi.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, siku hii nilimchoma huyu mtoto?"

"Ulimpima, ukampa matone, ukaandika," Mama Pacha akasema. "Ukaniambia nirudi. Nikarudi na wote wawili, mmoja mgongoni mmoja kifuani, tukawa watoto wanane. Ukasema bado. Nikarudi tena, mvua, tukawa sita. Mara ya tatu mguu ukakataa, nikasema si ameshaandikwa? Kwani kuandikwa na kuchanjwa ni vitu viwili, dada nesi?"

Muuguzi akakaa kizingitini. Bata akapita, akamgusa kiatu, akaendelea na safari yake. Muuguzi hakumwona.

Tulirudi nyumba zote za ng'ambo tukakagua kadi upya mlangoni penye mwanga. Arobaini na tatu zilikuwa za penseli. Na kwenye rejesta, zote arobaini na tatu zilikuwa wino wa bluu, kwa kuwa Bwana Asilimia, mezani pake kwenye mlango wa kutokea kliniki, alinakili kila tarehe aliyoiona bila kuuliza imeandikwa kwa kitu gani. Tisini na saba yake ikafa palepale. Maskini, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Sasa hapa ndipo mtu anapopimwa, na hapimwi kwa mizani ya kliniki. Ripoti ya bosi ilikuwa bado inasubiri sahihi. Angetia tu, kosa lingekaa kwa kina mama, cheti kingekaa ukutani, na yeye angekaa kazini. Watumishi waliojua kwamba penseli ndiyo iliyodanganya walikuwa watatu. Dereva, na leo anakiri mbele ya watumishi wote, alimshauri vibaya. Alimwambia, "Funga mdomo, mama. Una watoto shuleni." Akamjibu kwamba watoto wa ng'ambo nao wana mama zao, na kama kijiji kitaendelea kuamini kwamba chanjo ni maji, hatakuja mtoto tena pale, mwaka huu wala miaka kumi ijayo. Halafu akamwambia awashe gari aende kwenye mashine ya kusaga, na asimpe ushauri mwingine mpaka atakapoombwa. Hajaombwa mpaka leo.

Mashine ikazimwa. Watu wakajaa mpaka kwenye magunia. Akasimama juu ya mizani ya kupimia mahindi ili aonekane, na wenye roho mbaya tuliona mshale unakwenda wapi. Akainua kadi ya mtoto mmoja akaisugua mbele yao, tarehe ikafutika. Akasema, "Chanjo si maji. Watoto hawa hawakuchanjwa. Nyinyi mliwaleta. Mimi niliwarudisha, kwa sababu nilikuwa naogopa kumwaga dawa. Walioandika uongo si nyinyi. Ni penseli yangu."

Nje mbuzi mmoja alikuwa anakula boksi letu la ramani, na hakuna aliyemzuia.

Mama Pacha ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo ulibania kichupa," alisema, "ukaitumia miguu yangu bila kuibania?"

"Ndiyo, mama."

"Na sasa ukija mtoto mmoja?"

"Nafungua."

"Na zilizobaki?"

"Namwaga."

"Mbele ya macho yangu?"

"Mbele ya macho yako, na wewe ndiye utakayeshika ndoo."

Mwenye mashine akajipangusa unga usoni kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu. Akasema amezeeka akiambiwa na kila mgeni kwamba yeye ndiye mwenye kosa, na huyu ni wa kwanza kuja na kosa lake mkononi. Mama Pacha akamtuma mtu kwa mama mkwe wake, na kabla ya adhuhuri pacha wa kiume akafika, akilia kwa sababu alikatizwa mchezo. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Kichupa kilifunguliwa kwa ajili yake peke yake, hakuna wa pili aliyekuwa amejitokeza, na kijiji kizima kikasogea kutazama kama kweli. Kikafunguliwa kweli. Ndipo mama wa pili akasogea, na wa tatu. Kwa siku mbili tuliwachanja mia mbili themanini na wanane.

Watoto wawili wa nyumba ya mwisho kule juu walikuwa wameshaondoka duniani kabla hatujafika. Kila mwaka Bi Penseli hupanda kule siku ya likizo yake, hukaa na mama yao tangu asubuhi hadi mchana, hurudi. Dereva alikuwa akisubiri chini na hakuwahi kuuliza wanazungumza nini. Hilo hatulifanyii mzaha.

Pacha wa kike alipona. Jicho la kushoto lilibaki na wingu, la kulia likabaki linaona mpaka mbali.

Ripoti ya bosi ilirudi kwake ikiwa imekatwa kwa wino kutoka juu mpaka chini, na chini yake maneno matatu: "Kosa ni letu." Kwa maneno matatu hayo alipewa barua ya onyo ya kurasa mbili. Cheti chenye dhahabu alikishusha, akakigeuza, na nyuma yake akaandika kwa wino mzito: MTOTO MMOJA ANATOSHA. Akakitundika tena pale pale. Miaka miwili baadaye ukaja waraka kutoka juu ukiagiza jambo hilo hilo, umeandikwa kana kwamba wameliota wao. Yeye aliusoma, akaukunja, akaweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Jina alipewa na Mama Pacha, sokoni, kwa sauti, mbele ya watu: "Bi Penseli huyo!" Tulidhani atakasirika. Akaitika. Mwenyewe akapiga marufuku penseli kliniki nzima, na mfamasia, ambaye hujaza mafumbo ya gazeti kwa penseli, hufanya kazi hiyo chooni.

Baada ya hapo alifanya mengi ambayo kamati imetaka yatajwe. Kila Alhamisi alipeleka kliniki ng'ambo ya korongo, kwa gari, kwa pikipiki, na mara moja kwa punda, ambaye alishuka mlima peke yake na kasha la baridi mgongoni na akafika kituoni salama kabla ya muuguzi. Alifundisha wauguzi wapya wapatao arobaini, na wote wanasugua kadi kwa kidole kabla ya kuamini kilichoandikwa. Alimfundisha hata Bwana Asilimia kuuliza, naye kabla hajastaafu akawa anauliza mpaka ikawa kero. Na bonde lile halijaona surua kwa miaka ishirini na mitano. Bata bado anawaogopa.

Tungemalizia hapo, lakini Jumanne wiki hii dereva alipita kituoni kuchukua picha ya Bi Penseli kwa ajili ya jarida, akaona jambo. Ilikuwa saa tisa, nusu saa kabla ya kufunga. Akaingia mama kijana, fundi wa baiskeli kule ng'ambo, mikono ina grisi isiyotoka, jicho la kushoto lina wingu. Mgongoni ana mtoto wa miezi tisa. Peke yake. Muuguzi mpya akatazama saa, akaanza kusema kwamba kesho asubuhi wanategemewa watoto sita, labda ingekuwa vizuri… Hakumaliza. Nyuma yake kilisikika kifuniko kinang'olewa. Bi Penseli alikuwa ameshafungua.

"Dada nesi," mama yule akasema, "si mtazimwaga zilizobaki?"

"Tisa," akasema Bi Penseli. "Leta mkono wa huyo bwana mdogo."

Mtoto akalia kidogo, akasahau. Bi Penseli akaandika tarehe. Mama akaichukua kadi, lakini hakuiweka mfukoni. Akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaiinamisha huku na huku, akalowesha kidole kwa ulimi, akasugua. Akasugua tena, kwa nguvu, kama alivyofundishwa na mama yake.

Haikufutika. Wakatazamana, wakacheka wote wawili mpaka mtoto akaanza kulia upya.

Mume wa Bi Penseli, fundi cherehani, anaomba kupitia jarida hili asipimwe joto asubuhi na jioni. Ombi lake limepokelewa, ila hatumwahidi kitu. Funguo za friji zitapokelewa na yule muuguzi mpya, ambaye tangu Jumanne ameacha kutazama saa. Cheti kitabaki ukutani, upande ule ule.

Asante, Bi Penseli, kwa kila kichupa ulichokifungua, na asante zaidi kwa zile dozi tisa. Nenda nyumbani ukapumzike. Siku zako zilizobaki na ziwe nyingi, ziwe njema, na aliyeziandika awe ameziandika kwa wino.